Transiti ya Baba Mkwe

Watu walimwita Kapteni, na yeye hakuwahi kukataa. Kapteni wa nini, hakuna aliyeuliza. Hakuwa na ndege, hakuwa na meli, hata leseni ya pikipiki hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni meza, kompyuta, mashine ya kuchapia yenye tabia ya kutafuna karatasi, na kiti kimoja cha plastiki cha mteja, vyote vimebanana katika chumba kidogo juu ya duka la viatu. Ukutani palikuwa na picha ya ndege ikipaa. Chini ya picha hiyo Kapteni aliuza tiketi za masafa marefu, na kila tiketi ilitoka na ushauri wake.

Na ushauri wenyewe, jamani, ulikuwa mtamu. Alichokipenda kuliko vyote ni kupanga transiti, yaani zile saa ambazo msafiri anashushwa katika nchi ya watu asubiri ndege ya pili. Wengine huziona saa hizo ni adhabu, lakini ukikaa kwenye kile kiti cha plastiki ulitoka unaziona ni karamu. Ukifika, Kapteni alisema, usipande teksi, teksi za kule zitakukamua. Panda treni, shuka kituo kikuu, vuka daraja, kunja kulia, utaona duka la mikate, mwambie mwenyewe umetumwa na Kapteni. Mteja anashuka ngazi akitabasamu. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba mwenye duka hamjui huyo Kapteni, maana nani ana muda wa kurudi kulalamikia mkate?

Sasa tuseme ukweli mapema, tusije tukalaumiana baadaye. Kapteni hakuwahi kupanda ndege, si ya mbali wala ya karibu. Pale uwanjani mwisho wake ulikuwa ule mlango wa kioo ambapo wasindikizaji hupunga mkono na kurudi nyumbani.

Uongo wenyewe alijitakia ukweni. Siku alipokwenda kujitambulisha alikalishwa mbele ya baba wa binti, fundi saa mwenye maneno machache ambaye akikusikiliza huinamisha kichwa upande mmoja. Mzee akauliza kijana anafanya kazi gani. Akaambiwa. Akauliza tena, taratibu, kama kijana aliwahi kufika ule mji ambao ndege zote za mbali hutua njiani. Kapteni akatazama sakafu. Akawatazama wajomba waliokunja mikono. Akamtazama binti aliyesimama mlangoni na sinia. Shamba hana, nyumba hana, hana mbele wala nyuma. Akajibu, "Nimefika, mzee. Mara nyingi tu."

Mara nyingi! Si angesema hata mara moja? Lakini chuku ilikuwa imeshapigwa, na mke akapata.

Tangu hapo mambo hayakuwa na breki. Kila wakienda ukweni, salamu zikiisha tu mzee alivuta kiti karibu na kutaka habari za mji ule. Kituo cha treni kinafananaje? Barabara ya mlimani bado ni ya mawe? Mikate wanauza moto au baridi? Kapteni aliujenga mji huo kwa vipande vya hadithi za wateja na magazeti ya bure ya mashirika ya ndege, na palipopelea alijaza mwenyewe. Mashemeji wenye mali zao walikaa kwenye benchi la uani, yeye alikaa kiti cha pembeni ya mzee. Mkewe alikuwa akisikiliza kashika tama, ana kitabasamu cha mbali. Kapteni alidhani ni fahari.

Kisha yakaja ya macho. Jicho moja la mzee lilizimika, na la pili likaanza kufuata. Daktari alisema kuna upasuaji unaofanyika mbali, unaweza kuliokoa hilo lililobaki na unaweza kulimaliza kabisa. Shemeji mkubwa, kaka wa mkewe aliyekuwa akiishi huko mbali, alitengeneza kila kitu na kuahidi kuwapokea. Kilichohitajika ni mtu wa kumsindikiza mzee. Kikao cha familia hakikuchukua muda. Vichwa vyote viligeuka upande mmoja, maana kama yupo Kapteni, anatafutwa nani tena?

Kapteni mwenyewe alifurahi. Aliona hapa ndipo atakapojiponya: watapanda ndege, watalala, watafika, shemeji atawapokea, na yeye atakuwa amesafiri kweli bila mtu kujua kwamba ndiyo kwanza. Alikuwa ameshaanza kupumua vizuri mzee alipokohoa.

"Mkwe," mzee alisema, "mimi nina ombi moja. Kabla hawajanigusa hili jicho, nataka tupitie ule mji wako. Nikitoka kipofu, niwe nimeuona."

Baba mkwe hakataliwi. Akikwambia umbebe mgongoni umpandishe juu ya paa, unauliza ngazi iko wapi. Kapteni akajichekesha. "Ni hilo tu, mzee? Hilo limekwisha."

Akarudi ofisini kupanga transiti, na safari hii alitumia utaalamu wake wote kuhakikisha kwamba haipo. Alichambua mashirika yote mpaka akapata ndege mbili zilizokaribiana kiasi kwamba mtu akishuka ya kwanza inabidi akimbie kuiwahi ya pili. Akamweleza mzee kwa masikitiko ya kutengeneza kwamba nafasi zilizobaki ni hizo, kwa hiyo mji watauona dirishani.

"Dirishani," mzee alirudia.

Kapteni aliona haya kweli. Lakini haya hazikumzuia kuchapa tiketi, na ile mashine, ambayo siku nyingine ingeitafuna, siku hiyo iliitoa safi.

Haikupita wiki, ujumbe ukaingia. Shirika la ndege linasikitika kuwaarifu abiria wake kwamba ndege ya pili imesogezwa mpaka jioni. Kile kisaa kimoja kikawa siku nzima. Miaka yote wateja walipomletea ujumbe wa namna hiyo wamenuna, Kapteni aliwafungulia mikono na kuwaambia hiyo ni bahati, wamepewa mji wa bure. Sasa aliusoma, akausoma tena, akajiuliza ni mpumbavu gani aliyekuwa akisema maneno hayo. Alifikiria kusingizia viza. Wapi! Nchi ile humgongea muhuri tu msafiri wa kupita, akaingia akatoka siku hiyo hiyo, na aliyewaeleza watu wote jambo hilo ni yeye mwenyewe. Mzee aliposikia habari za ndege kusogezwa aliomba suti yake ipigwe pasi.

Ikabidi Kapteni asome. Alikesha na ramani, samahani, alishinda nayo, mchana kutwa ofisini, mpaka mteja anakohoa mara mbili ndipo aonekane. Aliyerudi kutoka kule akija kumsalimia alibanwa maswali: ukitoka kituoni unaona nini? Daraja lina ngazi? Kule kulia ni kulia kwako au kwa treni? Nyumbani alijizoeza chumbani, kutoka kitandani mpaka kabatini, akinong'ona kituo, daraja, kulia, mkate. Mkewe alimkuta akikunja kulia na kugonga mlango wa kabati, akauliza kulikoni. Akajibu ananyoosha miguu.

Tusimcheke sana. Kapteni alimpenda mkewe, na moyoni aliamini kwamba alipewa mke yule kwa sababu ya mji ule. Akipotea huko, na mzee asiyeona vizuri kamshika mkono, basi kila kitu kitafika nyumbani. Na mkewe hakuwa mwanamke wa kugomba. Angenyamaza tu, na huo unyamavu ndio uliomtia Kapteni baridi. Mara moja alijaribu kutapika yote. Mkewe alikuwa akikunja mashati ya baba yake, yeye kakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kwamba kuhusu ule mji, kuna neno.

Mkewe hakuinua kichwa. "Usiniambie umebadili mawazo. Baba sijamwona na furaha hivi tangu mama afariki. Neno lako nenda nalo, ukirudi utaniambia."

Akaenda nalo.

Ndani ya ndege Kapteni alihangaika na mkanda mpaka mhudumu akamfunga kama mtoto. Ndege ilipopaa alishika viti vyote viwili, chake na cha mzee, akasali sala aliyoisahau tangu utotoni. Mzee akauliza kama siku zote huwa hivyo. Kapteni, kijasho chembamba kikimtoka, akajibu kwamba siku zote, ila leo rubani kapaa vizuri.

Walitua asubuhi. Muhuri ukagongwa, mabegi yakaachwa uwanjani, treni ikapandwa, na Kapteni akaanza kujiona mtu wa maana. Kituo kikuu kilikuwepo pale pale kwenye ramani. Kilichokuwa hakipo ni mlango. Ule mlango alioukariri ulikuwa umezibwa kwa mabati, mafundi wanabomoa, na mishale inawapeleka watu upande mwingine. Wakatokea kwenye barabara asiyoijua. Akatafuta daraja, hakuna. Akatafuta mto, akasikia tu maji mahali fulani nyuma ya majengo. Simu nayo ikazunguka na kuzunguka bila kuleta ramani. Basi akafanya wanavyofanya waongo wote waliobanwa, akaenda kwa kujiamini. Akamshika mzee mkono, akakunja kushoto.

Mzee hakusogea.

"Mkwe," alisema, "hiyo inakwenda machinjioni."

Kapteni alicheka kidogo, akidhani mzee anatania. Mzee hakuwa anatania. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza maji. Kisha akageuka, akagusa ukuta wa mawe kwa ncha za vidole, na kuanza kutembea, suti imenyooka, jicho moja limekufa na jingine lina ukungu, na wala hakupapasa. Kona ya kwanza alikunja bila kuuliza. Ya pili aliinua mguu kabla ya ngazi ambayo Kapteni mwenye macho mawili alijikwaa. Lo! Kipofu mbele, mwenyeji nyuma. Walipofika darajani mzee akatafuta benchi, akalipata, akakaa.

Ndipo akasema, bila haraka, kwamba aliishi hapa ujanani, miaka, kabla ya kuoa. Ufundi saa aliufundishwa hapa, katika barabara ile ya mlimani. Nyumbani kila mtu anajua kwamba miaka ile alikuwa kwenye kambi ya reli huko bara, kwa sababu ndivyo alivyowaambia.

"Mzee," Kapteni alisema. "Kumbe ulikuwa unajua kwamba mimi..."

"Tangu siku ile ya kwanza. Kituo cha treni ulikiweka ng'ambo isiyo yake."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningeulizwa nimejuaje." Mzee alifuta lile jicho lenye ukungu kwa kitambaa. "Halafu nani mwingine angenizungumzia mji huu, mwanangu? Ulikuwa unauongopea, lakini ulikuwa unautaja. Nilikuwa nazisubiri siku zenu za kuja kuliko unavyofikiri."

Kapteni alikaa pembeni yake. Alitaka kucheka, akashindwa. Mzee akaendelea kusema, sasa akiutazama mto. Fundi aliyemfundisha alikuwa na binti. Binti akawa mke wake, wakapata mtoto wa kike. Kisha ikaja habari ya msiba wa baba yake, akarudi nyumbani kuzika, akisema atakaa kidogo. Ndugu wakamshika, wakamtafutia mke, naye, mtu wa maneno machache, hakupata neno la kuwaambia. Kwanza aliandika barua, baadaye aliona haya kuandika. Mama wa watoto wake, mama mkwe wa Kapteni, alikufa akimjua kama mwanamume wa mke mmoja.

"Kuna mteja wako mmoja, muuza vioo, uliyewahi kumleta kwangu nimtengenezee saa," mzee alisema, "nilimtuma apite kwenye duka la yule fundi wangu aangalie yupo nani. Akaniambia yupo mwanamke, ndiye fundi. Nilitaka nimwone kabla ya kisu. Sitaki kitu kingine kwake."

Kwa hiyo safari nzima, kuanzia kikohozi kile kikaoni, ilikuwa imepangwa, na aliyeipanga hakuwa Kapteni. Yeye kazi yake ilikuwa tiketi.

Barabara ya mlimani ilikuwa bado ya mawe. Duka lilikuwa dogo, lina dirisha moja lililojaa saa, nyingine zinakwenda, nyingine zimesimama. Walipoingia mwanamke aliyekuwa kwenye meza ya kazi aliinua kichwa, na Kapteni akarudi nyuma hatua moja akaugonga mlango. Uso ule alikuwa ameuacha nyumbani. Ulikuwa wa mkewe, umezidi umri tu, mvi zimeanza masikioni, lakini ni ule ule, mpaka namna ya kukutazama kwanza ndipo akusalimie.

Mzee akasema naye kwa lugha ya pale. Haikuwa ya kubabaisha, ilimtoka kama ya mwenyeji, na Kapteni, aliyezoea kumwona mzee mkimya, alishangaa jinsi alivyobadilika mdomo. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye kitambaa cha meza. Alisema saa hiyo inachelewa, hilo Kapteni alilielewa kwa mikono. Na saa ya mzee haijawahi kuchelewa, mtaa mzima unajua.

Mafundi saa wana desturi yao. Kila anayefungua saa hukwaruza alama yake ndani ya kifuniko cha nyuma, ndogo sana, ili fundi atakayekuja baadaye ajue ilipita kwa nani. Mwanamke alifungua kifuniko, akaweka kile kioo chao cha jichoni, akainama. Juu kabisa palikuwa na alama ya babu yake. Chini yake palikuwa na alama nyingine, moja tu, imerudiwa na kurudiwa, za zamani zimefifia na za karibuni zinang'aa, na bila shaka alama hiyo alikwishaiona kwenye saa kuukuu za wateja wa mtaa ule maisha yake yote, akauliza ya nani, akaambiwa. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko saa yoyote inavyohitaji.

Kisha akatoa kioo jichoni, akauliza swali fupi. Mzee akajibu fupi zaidi.

Mwanamke akaweka kifuniko chini taratibu, akasimama, akawapita kuelekea mlangoni. Kapteni akajisogeza ukutani, anajua wanafukuzwa, na moyoni akaona ni haki yao. Ufunguo ukageuka. Mwanamke alikuwa amefunga mlango, wao wakiwa ndani. Akageuza kile kibao cha dirishani. Akarudi, akavuta kigoda cha mzee karibu na meza, akasema neno, mzee akagusa jicho lake na kutikisa kichwa. Basi yule mwanamke akaishika taa ya kazi, ile ya shingo ndefu, akaigeuza kutoka kwenye saa na kuielekeza usoni kwake mwenyewe, akatulia.

Mzee akasogea karibu, karibu kabisa, akamtazama.

Kapteni alilia, na hakuwa ameelewa hata neno moja. Alikuwa bado anafuta uso simu ilipomtetemekea mfukoni. Alikuwa mkewe. Alijisogeza pembeni ya dirisha, akaipokea kwa sauti ya chini. Mkewe alitaka kujua kama wamefika, kama baba amechoka, kama amekula. Kapteni akajibu ndiyo, hapana, bado. Nyuma yake mwanamke akasema kitu, mzee akacheka, kicheko ambacho Kapteni hakuwahi kukisikia miaka yote ya ukweni.

"Nasikia mwanamke," mkewe alisema. "Ni nani huyo?"

"Fundi saa. Anamtengenezea baba saa yake."

"Baba? Atengenezewe saa?" Mkewe alicheka sana. Kisha sauti yake ikashuka. "Mume wangu, ngoja nikwambie kitu, maana ana kwa ana sitaweza. Miaka yote hii nilijua unadanganya. Nilijua hukuwahi kufika huko, hata siku ile nilipokuwa nakunja mashati nilijua unataka kuniambia nini, nikakuzuia, nilikuwa sitaki kusikia. Na leo namsikia baba anavyocheka, nasikia umemfikisha mpaka kwa fundi kama mtu na mji wake. Nimekufikiria vibaya. Nisamehe."

Kapteni aligeuka. Chini ya taa ule uso wa mkewe ulikuwa unamtazama kwa shauku ya kutaka kujua huyu ni nani wa nani, na mzee, jicho lake lile moja limeelekezwa kwenye simu, alikuwa ameacha kucheka na anangoja.

"Hakuna neno, mke wangu," alisema.

"Ukirudi utanisimulia yote, na safari hii nitaamini."

Akasema atamsimulia, akakata simu, akakaa kwenye kigoda alichosogezewa na shemeji yake. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alitamani kwa dhati awe hajawahi kufika.